Mshono wa Nje: Siku Tisa Keko na Gari Lisilo na Pacha

Siku ya kwanza, Jumatatu

Konda wa basi la Tanga alitaka kichwa cha cherehani kikae buti. Nikamwambia kitakaa mapajani kwangu, na kama kinadaiwa nauli ya mtoto nitalipa. Akacheka, akaniacha. Tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikawa nimekipakata, kimefungwa khanga mbili: Muheza, Segera, daraja la Wami, Chalinze, mpaka stendi ya Magufuli pale Mbezi. Tulipofika Msata miguu ilikuwa imeshakufa ganzi.

Kilichonileta ni simu ya mjomba. Yeye ni fundi bodi Keko, Dar es Salaam, mwaka wa thelathini na kitu sasa. Mimi nashona siti Tanga: za daladala, za bodaboda, makochi ya watu, na mara mojamoja gari la mtu anayejipenda. Mjomba ananiita mama, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Kwenye simu alisema, "Mama, kuna gari. Si la kunyoosha. La kutengeneza." Nikamuuliza ni gari aina gani. "Halina aina. Ndiyo maana nakuita."

Nimefika magharibi. Shikamoo, marahaba, maji ya kuoga, wali kwa samaki. Kabla ya kulala mjomba kanipeleka gereji, ambayo iko nyuma ya maseremala, tukamulika kwa tochi ya simu. Sikuona gari. Niliona kizimba cha mabomba membamba chenye injini ndani, vipande vya bati vinavyong'aa, na pembeni mifupa ya mbao mithili ya ngalawa iliyopinduliwa.

Siku ya pili, Jumanne

Mchana ndiyo nimeelewa. Kuna tajiri wa vifaa vya ujenzi, anakaa Mbezi Beach, amechoka kujiona kwenye mataa. Kila akinunua gari, mwezi hauishi anasimama foleni ubavuni mwa jingine lile lile, rangi ile ile. Sasa anataka lisilo na pacha. Akanunua Toyota Mark II iliyogongwa ubavu, yenye injini ya 1JZ-GTE, akamkabidhi mjomba: injini, giaboksi, difu na breki vitumike, bodi itupwe. Hiyo ni mwaka na miezi miwili iliyopita. Alidhani itachukua miezi mitatu.

Kwa asiyeijua, 1JZ ni silinda sita mstari mmoja, lita 2.5, na hiyo ya GTE inapumua kwa tabo (turbo), pampu inayoisukumia injini hewa. Toyota waliitangaza kuwa na nguvu farasi 280, na si kwa bahati: watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana kutotangaza zaidi ya hapo. Vijana wa Dar wanaitambua kwa mlio kabla haijatokeza kwenye kona.

Mji huu umejaa magari yaliyomodifaiwa. Stika, ringi kubwa, taa za bluu chini ya mlango, bampa la faibaglasi lililoshikizwa kwa puti, ule uji mgumu wa kuziba mabonde ya bodi. Sina ugomvi na stika, watoto wa mjini wajipambe. Ila ligonge hilo bampa kwa ukucha, usikie linavyolia kama beseni. Ni gari lile lile limevaa nguo ya kuazima, na nguo ya kuazima wenyewe mnajua haisitiri nini.

Hili la mjomba limeanzia ndani. Mabomba ya chuma, mengine hayazidi unene wa kidole changu cha shahada, yamepindwa na kuchomelewa yakifuata umbo la gari lenyewe, kisha bati la alumini linavishwa juu yake. Mjomba hadai kwamba ni akili yake. Ni njia ya Waitaliano wa Touring, karakana ya Milano iliyoanzishwa mwaka 1926. Waliiita Superleggera, yaani jepesi kupita kiasi, na baadaye Aston Martin wakanunua ruhusa ya kuitumia kwenye DB4 na DB5.

Ina ugonjwa wake. Alumini na chuma vikigusana mahali penye chumvi na unyevunyevu, alumini inaliwa taratibu na kugeuka unga mweupe. Magari mengi ya zamani ya namna hiyo yameozea pale pale bati linapokumbatia bomba, na hayo yaliishi Ulaya. Sembuse Dar, ambako upepo wa bahari unakula hata bawaba za milango. Mjomba amenunua tyubu za matairi ya lori, kazikata utepe, kazungushia kila bomba kabla ya kuvisha bati. Vijana wake wawili ndiyo kazi waliyoshinda nayo leo, nami nikawasaidia. Mikono inanuka mpira mpaka sasa.

Nikamuuliza mbona boneti refu hivyo. Akatoa kwenye pochi kipande cha gazeti kilichochakaa: Datsun 240Z, matope mpaka kioo cha mbele. Gari hilo lilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1971, likashinda tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Mjomba alikuwa mtoto. Amekibeba kipande hicho pochi kwa pochi tangu hapo. Tajiri hajui kwamba boneti lake lilichaguliwa na mtoto wa darasa la pili.

Siku ya tatu, Jumatano

Leo nitaandika sana, nisameheni.

Mifupa ile ya mbao ni kalibu. Bati haligongwi hewani. Linagongwa, linapelekwa kwenye kalibu, linapimwa, linarudi kugongwa. Wenye mitaji siku hizi wanachonga kalibu kwa mashine inayosoma mchoro wa kompyuta. Mjomba alichora gari kwa chaki kwenye sakafu ya gereji, ubavu mzima, halafu akaenda Kunduchi kumtafuta fundi wa majahazi.

Mzee huyo amekuja leo kurekebisha sehemu ya nyuma. Kavaa kikoi, kashika tezo, kishoka cha kuchongea mbao. Mjomba anasema siku ya kwanza alipoonyeshwa ule mchoro swali lake lilikuwa moja: "Mkuku uko wapi?" Mkuku ni ule mti wa chini unaobeba jahazi zima, na gari halina mkuku. Basi akasema hawezi kusimamisha mataruma, yaani mbavu za chombo, bila mkuku, ni sawa na kuambiwa uanze kushona bila kitambaa. Ikabidi ipatikane nguzo moja ya mninga ilazwe katikati kuanzia pua hadi mkia, ndipo akapachika mataruma yake kulia na kushoto, moja baada ya jingine, kama anaunda mashua ya kwenda Mafia.

Namna anavyohakikisha pande mbili zinalingana imenifurahisha. Rula anayo, lakini anaitumia mwisho. Kwanza anafunga uzi katikati, anasogea hatua saba au nane, anafumba jicho moja. Kisha anakwenda nyuma, anafumba la pili. Leo kaona ubavu wa kushoto umevimba. Mjomba akabisha. Wakapima: milimita nne. Mzee hakusema kitu, akachukua tezo.

Mambo haya si mageni huko kwenye fahari. Kule Malvern, Uingereza, watengeneza magari wa Morgan bado wanafunga bodi zao juu ya fremu ya mti uitwao ash. Na mwaka 2021 Rolls-Royce walitoa gari waliloliita Boat Tail, mkia wa mashua, ambalo walipanga kuunda matatu tu, kila moja kwa mteja wake. Nyuma limefunikwa kwa mbao, na hiyo sitaha inafunguka mfano wa mbawa: ndani mna friji ya vinywaji, vyombo vya kulia, viti vya kukunja na mwavuli. Mjomba akamwonyesha mzee picha. Mzee akaishika simu mbali na uso, akaitazama sana.

"Hii shetri," akasema, yaani nyuma ya chombo.

"Ndiyo, mzee."

"Na maji yake yako wapi?"

Mjomba akamjibu kwamba maji ya gari ni upepo. Mzee akakubali kwa kichwa, ila nilivyomwona hakuridhika.

Mchana zikaanza nyundo. Kipande kilichobaki ni mkia, na mkia ndio mgumu kwa sababu unapinda pande mbili kwa wakati mmoja. Karatasi ukitaka iviringike kama bomba inakubali. Ukitaka iwe bakuli inajikunja. Bati nalo hivyo hivyo, lazima ulinyooshe katikati au uliminye kingo. Na alumini ukiigonga inakuwa ngumu, ukiendelea inapasuka. Dawa yake ni moto, na kasheshe ya alumini ni kwamba haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka. Unaichoma, unaichoma, huoni dalili, ghafla ina tundu.

Ndipo inapoingia sabuni. Mjomba anachukua sabuni ya mche, ile ile ya kufulia, anaipaka kwenye bati mpaka libaki na michirizi, kisha anapitisha moto wa gesi. Michirizi ikigeuka kahawia halafu nyeusi, basi, ondoa moto. Bati limelainika, likipoa unalipinda kwa kiganja kama ngozi iliyolowekwa. Nilishangaa kama mtoto. Sabuni ndiyo kipimajoto. Mafundi wa Ulaya nao ndivyo walivyofanya, na wapo wanaofanya hivyo hadi leo.

Baada ya hapo ni nyundo ya mbao na mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga. Milio ya ndugu zetu wa Gerezani wanaogonga masufuria na majiko, kwa kasi ndogo zaidi. Sergio Scaglietti, aliyekuwa akiwavisha Ferrari magari yao pale Modena, alifanya kazi kwa njia hiyo. Ferrari 250 GTO, zilizotengenezwa 36 tu kati ya mwaka 1962 na 1964, ziligongwa kwa mkono, na ndiyo maana ukizipanga mbili pamoja hazilingani kabisa. Watu wanazinunua kwa makumi ya mamilioni ya dola na kutolingana kwake huko.

Jioni mjomba akaomba kipande cha khanga. Akakitandika juu ya bati, akaniambia nipitishe kiganja juu ya nguo nikiwa nimefumba macho, nimwambie panapobonyea. Kitambaa kinaondoa msuguano, kiganja kinasikia bonde ambalo jicho halioni. Nikapata matano. Yeye alikuwa amepata matatu. "Mkono wa mshonaji," akawaambia vijana, na mimi nikajifanya sijasikia.

Siku ya nne, Alhamisi

Kariakoo, ngozi. Siku mbaya.

Nimeingia duka moja, sitalitaja, nikaonyeshwa ngozi laini ya rangi ya tangawizi. Ngozi halisi, dada, ya nje. Kawaida nachoma uzi mmoja wa pembeni: ngozi inanuka nywele zilizoungua, leza, yaani ngozi ya bandia, inayeyuka na kuvuta kamba. Muuzaji akasema dukani hawashi moto, na kweli kwa jinsi vitambaa vilivyobanana mle nisingemlaumu. Nikalipa. Nimefika Keko, nimewasha kiberiti, imevuta kamba. Nimerudi, naambiwa mali ikitoka dukani hairudi. Uzoefu wa miaka kumi na moja, na nimelizwa kama mgeni wa jana.

Rolls-Royce wanachagua ngozi ya madume, kwa maana jike akishika mimba ngozi yake inavutika na kubaki na michirizi. Tena ya ng'ombe wa nyanda za juu penye baridi, ambako wadudu wa kumuuma ni wachache. Sisi ngozi zetu zina historia ndefu kidogo. Kupe, miiba, fimbo, na kubwa kuliko yote chapa ya moto, ambayo wafugaji huipiga pajani au ubavuni, pale pale mimi ninapotaka kukata mgongo wa siti.

Hatimaye fundi viatu mmoja jirani yetu Keko kanielekeza kwa mtu wake, nikapata vipande vinne vya ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa Kilimanjaro, kahawia ya kahawa isiyo na maziwa. Nimeipekua yote juani. Kipande kimoja kina chapa, herufi mbili na mstari. Muuzaji akataka kunipunguzia bei kwa hilo. Nimemlipa kamili, nina sababu yangu.

Siku ya tano, Ijumaa

Mvua tangu alfajiri. Umeme umekatika saa nne, umerudi baada ya swala ya Ijumaa, umekatika tena. Nimekata karatasi za kaki za siti ya dereva, nimezipanga juu ya ngozi, nimezigeuza, nimezipanga upya. Sijakata hata inchi moja ya ngozi. Mkaza mjomba kapika maharage ya nazi.

Siku ya sita, Jumamosi

Tajiri amekuja na watoto wake wawili. Mtu mnene, mchangamfu, anasalimia hadi kijana anayechuja petroli. Kaja na simu iliyojaa picha za magari ya Pagani, anataka kila boliti iandikwe herufi za jina lake, kama wanavyofanya Pagani kwenye boliti zao za titani.

Mjomba anampenda sana Horacio Pagani, kwa hiyo ilibidi tusimame. Mtoto wa mwoka mikate wa Casilda, Argentina, alikwenda Italia kutafuta kazi Lamborghini akiwa na barua za Fangio, bingwa wa dunia wa mbio za magari mara tano. Akaanzia chini. Inasimuliwa kwamba aliwaomba wanunue tanuri la kuivisha nyuzi za kaboni kwa joto na mgandamizo, wakakataa kwa hoja kwamba Ferrari hawana. Akakopa, akanunua lake. Mwaka 1999 akalionyesha gari lake, Zonda, mjini Geneva, likiwa na injini ya Mercedes mgongoni, kwa kuwa hata yeye hakuona haja ya kubuni injini. Mjomba akaipiga kofi 1JZ ya watu. "Kama sisi."

Boliti zenye jina, mjomba akasema, zinawezekana, kuna kijana anachonga mihuri. Kwenye hilo hakukuwa na mvutano. Mvutano ulikuwa kwenye mshono.

Paa na mkia vimegongwa nusu mbili, kulia na kushoto, vikutane katikati ya mgongo wa gari. Kuzichomelea kwa urefu wote ule ni balaa: alumini nyembamba ikipata moto inajikunja, na hesabu ya mzee wa Kunduchi yote inapotea. Mjomba anataka kuinua kingo mbili zisimame kama ukingo wa shati, azibane kwa ribiti, vile vipini vya kuunganishia bati, kutoka kioo cha mbele mpaka mkiani. Tajiri akauliza ni puti kiasi gani itahitajika kuuficha. Mjomba akamwambia hautafichwa. Tajiri akacheka akidhani ni utani. Kisha hakucheka.

"Mzee, gari la pesa yote hii lionekane limeshonwa?"

Hapo nikaingilia, adabu zangu pembeni. Kazi yangu ni mishono, tangu nikiwa binti nawasikiliza watu wakiniomba niifiche. Nikamwomba simu yake, nikatafuta Bugatti Type 57SC Atlantic. Yaliundwa manne tu, miaka ya 1930, kwa mchoro wa Jean Bugatti, mtoto wa mwenye kampuni. Gari la maonyesho lililoyatangulia, la mwaka 1935, lilikuwa na bati la mchanganyiko wa magnesi, madini yanayoshika moto ukiyachomelea, kwa hiyo mabati yakaungwa kwa ribiti kwenye mshono uliosimama mgongoni mfano wa pezi la samaki. Yale manne yaliyofuata yalikuwa ya alumini, mshono haukuwa wa lazima tena. Jean akauacha. Moja la kwake, jeusi, lilipotea wakati wa Vita ya Pili ya Dunia na halijaonekana hadi leo. Mwaka 2019 Bugatti wakaunda gari moja la kulikumbuka, La Voiture Noire, wakaliuza euro milioni 11 kabla ya kodi.

Tajiri akakuza picha kwa vidole viwili. Akauliza lile la zamani linakwenda bei gani. Nikamwambia moja liliuzwa mwaka 2010 kwa bei inayotajwa kuzidi dola milioni 30.

Kimya. Mtoto wake mdogo akasema linafanana na papa.

"Wekeni ribiti," akasema. Akageukia kwa mjomba. "Lakini ziwe sawasawa."

Hapo alikuwa na haki. Mshono wa ndani ukiyumba ni siri yako na Mungu. Wa nje ukiyumba hata mpita njia anakuhukumu. Mjomba na vijana wamepima nafasi za ribiti hadi saa tatu usiku, na nilipokuwa naingia kulala nilimsikia akifuta alama zote aanze upya, kwa kuwa hesabu ilimpeleka mkiani ikabaki nusu nafasi.

Siku ya saba, Jumapili

Gereji imefungwa. Nimepanda daladala hadi Posta, nikatembea hadi Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert. Wageni wote walikuwa wanakwenda kwa Zinjanthropus, fuvu aliloliokota Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959. Mimi nikaenda kwenye magari. Pale ipo Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya mkoloni, kisha ikamtumikia Mwalimu Nyerere.

Nimekaa nayo karibu saa nzima, mlinzi akaanza kunitilia shaka. Nilikuwa nachungulia siti. Enzi hizo kiwanda kilikuwa kikiuza gari bila bodi, injini na magurudumu tu, mwenye nalo analipeleka kwa mafundi wa bodi anaowataka, kama mtu anavyonunua kitambaa akakipeleka kwa fundi wake. Nilikuwa najua hilo kwa kulisoma. Pale nikakumbuka kwamba ndivyo malori yalivyokuwa yakija nchini kwetu, chesisi na kichwa, bodi ikapigwa hapa hapa kwa mbao na bati, na mabasi vivyo hivyo. Mafundi bodi wa Dar walishafanya kazi ya Milano miaka mingi. Walikuwa wakiagizwa mabasi, basi.

Siku ya nane, Jumatatu

Siti ya dereva imekwisha jana usiku, nimeifunga asubuhi. Mshono wa mara mbili, uzi wa rangi ya mkonge, umeachwa juu makusudi ufanane na mgongo wa gari. Ile ngozi yenye chapa nimeiweka mlango wa abiria, upande wa ndani, chini ya kitasa, mahali mkono unapopumzika. Herufi mbili na mstari. Ng'ombe huyo alikuwa wa mtu.

Tajiri kaja saa sita kujaribu. Kaingia vizuri, kakaa, kainua kichwa, kikagota kwenye bomba la paa. Kainama, goti likagusa usukani.

Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Nilimpima mjomba. Mjomba ni mfupi, mwembamba, na nilimpima amekaa juu ya ndoo. Anayelipia gari la kushonewa analipia kwanza kupimwa yeye mwenyewe, na hicho ndicho nilichokiruka. Nimeifumua yote. Sponji nimeipunguza sentimita nne chini na mbili mgongoni, na kwa kuwa sponji nyembamba inachosha nyonga, nimetandika chini yake mikanda ya mpira kama ya kochi. Ngozi inabaki na matundu ya sindano ya zamani, haifutiki kama kitambaa, hivyo ilibidi nishonee mle mle, tundu kwa tundu, kwa mkono. Nimemaliza saa saba usiku. Ncha za vidole hazisikii kitu.

Mchana nilipata dakika kumi za kumtazama kijana wa Temeke anayechora maandishi ya bajaji na daladala. Mjomba amemwita apitishe mstari mwembamba ubavuni gari likishapigwa rangi. Leo anajizoeza kwenye boneti la ile Mark II. Anapakia brashi, anavuta pumzi, anatembea kinyumenyume bila kuinua mkono. Kule Goodwood kwenye kiwanda cha Rolls-Royce kazi hiyo imefanywa miaka mingi na Mark Court, kwa brashi ya nywele laini za mnyama, mstari wa mita kama sita kila ubavu. Walimpata akiwa mchoraji wa mabango ya baa. Nilipomweleza kijana akauliza analipwa ngapi.

Rangi yenyewe sitaiona. Mjomba hapigi hewa ikiwa na unyevu hivi, rangi inapata ukungu mweupe kabla haijakauka. Anasubiri siku mbili za jua mfululizo, na ametundika nailoni pande zote za banda.

Siku ya tisa, Jumanne

Saa mbili asubuhi gari limewashwa likiwa tupu la rangi, alumini inang'aa, ribiti mgongoni zimenyooka kama uzi wa ushanga. Moto wa kwanza ulizimika. Wa pili ukashika, sauti ikajaa mtaa, maseremala wakaacha randa. Mjomba hakutabasamu, alikuwa anaangalia geji ya joto. Bugatti Veyron ina rejeta kumi. Hii ina moja na feni mbili, na jua la Dar halina huruma.

Tukaamua litoke hadi barabarani, mita hamsini. Getini kuna tuta. Gari limelala chini mno, mjomba akapiga magoti, akapima kwa ngumi, akatikisa kichwa. Mwaka na miezi miwili, na hakuna aliyelifikiria tuta la getini kwake. Zikaletwa mbao mbili za mninga, masalia ya mkuku, zikalazwa kama daraja, tukalisukuma taratibu watu sita, mzee wa Kunduchi akiwa mbele anafumba jicho moja na kutuelekeza: kulia kidogo, kulia, acha. Limepita.

Tajiri alisema atakuja mchana kujaribu siti upya. Sikuweza kumsubiri, basi langu lilikuwa la saa sita na Tanga nina makochi ya harusi. Malipo yangu alishayatuma, pungufu kidogo ya tulivyoelewana, na ujumbe kwamba "siti moja ilirudiwa." Ringi nne alizoagiza Japani sikusikia akiziombea punguzo.

Mjomba kanisindikiza mpaka mwendokasi Gerezani, kichwa cha cherehani kakibeba yeye. Tumeagana.

Tulipopita Msata simu ikaita ujumbe. "Mama, amekaa. Kichwa kinapita, goti linapita, kakaa humo nusu saa hataki kutoka."

Nikaiweka mfukoni, nikaegemea dirisha. Kabla ya Wami ikalia tena. "Ila siti ya abiria nayo ishuke. Mkewe kaja. Mrefu kuliko yeye."

Konda ni yule yule wa kuja. Akaona nimekunja uso, akauliza kama nashuka.